Thuku wa Kituo cha Polisi na Thuku wa Kahawa

Barabara ya Harry Thuku si ndefu. Mtu akitoka University Way akatembea bila haraka ataimaliza kabla jasho halijamtoka, na katika umbali huo mdogo atakuwa amepita Chuo Kikuu cha Nairobi, Hoteli ya Norfolk, Ukumbi wa Taifa wa Maigizo na jumba la Shirika la Utangazaji la Kenya, huku Kituo Kikuu cha Polisi kikiwa hapo jirani. Nilipokuwa mwanafunzi niliipita njia hiyo karibu kila siku kwa miaka minne, na sikuwahi kujiuliza mwenye jina lile alikuwa mtu wa namna gani. Nilijua mambo matatu tuliyokaririshwa shuleni Mombasa: alianzisha chama, akakamatwa mwaka 1922, watu wakauawa walipokwenda kudai aachiliwe. Baada ya hapo mwalimu alifungua ukurasa mwingine, na Thuku hatukumsikia tena, kana kwamba naye alianguka siku ile pamoja na wale waliopigwa risasi.

Kumbe aliishi miaka mingine 48. Alirudi kutoka kizuizini, akaongoza chama, akagombana na wenzake, akaunda chama kingine cha watu watiifu kwa Mfalme wa Uingereza, na mwishoni mwa mwaka 1952 akasimama upande wa serikali dhidi ya Mau Mau. Wanaompenda shujaa wa 1922 huyafumbia macho haya yaliyofuata, na wanaomchukia yule wa 1952 husema alinunuliwa. Mimi nimemsoma kwa muda sasa, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyoona kwamba hakubadilika kiasi hicho. Tangu ujana wake Thuku alikuwa karani. Aliamini karatasi, barua, simu ya maandishi na azimio lililopigiwa kura mkutanoni. Umati uliokwenda kumdai pale polisi ulimpenda kweli, lakini yeye mwenyewe hakuwa mtu wa umati.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Mitahato, karibu na Kambui, katika Kiambu ya leo, na baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Kambui ndiko walikopiga kambi wamisionari kutoka Marekani wa Gospel Missionary Society, na kwao Thuku alikaa takriban miaka minne akijifunza kusoma na kuandika. Hiyo ndiyo elimu yake yote ya darasani. Mwaka 1911 alishuka Nairobi kutafuta kazi, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, katika mji ambao wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 12 tu tangu reli ilipofika pale mwaka 1899. Haukupita muda akashitakiwa kwa kughushi hundi, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Masimulizi mengi hukiruka kifungo hicho kwa heshima, lakini mimi sioni sababu ya kukificha. Kijana wa kijijini amefundishwa herufi na wamisionari, amefika mjini, ameona kwamba karatasi yenye saini inatoa fedha dirishani, akajaribu. Lilikuwa kosa, na alilipa. Ila tayari alikuwa amekielewa kitu ambacho wengi wa rika lake hawakuwa wamekielewa, kwamba nguvu ya Mzungu ilikaa kwenye maandishi zaidi kuliko kwenye bunduki. Alipotoka gerezani alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi lililoitwa Leader, na hapo akawa analipwa kuyasoma kwa vidole vyake, herufi moja baada ya nyingine, mambo ambayo walowezi waliambiana wao kwa wao juu ya ardhi na juu ya vibarua. Sidhani kama kungekuwa na chuo bora kuliko hicho kwa mwanasiasa wa wakati ule. Wakati Vita Kuu vikielekea ukingoni aliajiriwa kwenye mtambo wa simu wa Hazina ya serikali, mojawapo ya kazi nzuri sana ambazo Mwafrika angeweza kuzipata Nairobi.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye kazi kama hiyo aliiacha, inabidi tuitazame nchi ilivyokuwa kati ya mwaka 1919 na 1921. Vita vilikuwa vimemalizika, na maelfu ya waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Kariakoo hawakurudi. Mwaka 1920 nchi iliacha kuwa himaya na kufanywa koloni kamili, na mashamba yakagawiwa askari wa Kizungu waliokuwa vitani. Wapya hawa walitaka vibarua, naye Gavana Edward Northey alikuwa ametoa waraka mwaka 1919 wa kuwaelekeza maofisa na machifu wahimize watu watoke kwenda kufanya kazi kwa walowezi, wanawake na watoto wakiwamo. Kuhimiza, kwa chifu ambaye kazi yake ilitegemea ofisa wa wilaya, kulimaanisha askari wake kuingia vijijini na kuwakusanya wasichana wapelekwe kwenye mashamba ya kahawa, na wengine walirudi wakiwa wamevunjiwa heshima.

Kisha kulikuwa na suala la fedha, ambalo vitabu vya shule hulieleza kwa sentensi moja ilhali ndilo lililochoma zaidi. Kabla ya hapo rupia 15 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Mwaka 1920 ikaamuliwa kwamba rupia 10 ndizo zitakazokuwa pauni moja, na baadaye rupia yenyewe ikaondolewa, ikaja florini, kisha shilingi. Mlowezi aliyeuza mazao yake London kwa pauni, na kuwalipa vibarua wake kwa rupia, aliamka akakuta ujira wa vibarua umepanda kwa nusu bila yeye kuongeza hata senti, wakati huohuo bei za mazao duniani zikiporomoka. Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Ukipiga hesabu utaona kwamba theluthi hiyo inafuta hasa ile nusu iliyoongezeka, kwa hiyo kwao lilikuwa jambo la haki kabisa. Lakini kibarua hakuwa na hesabu ya London. Yeye aliona mshahara umeshuka huku kodi ya kibanda na kodi ya kichwa zikiwa zimepandishwa hadi kufikia shilingi 16, na bidhaa za dukani zikiwa ghali kuliko kabla ya vita.

Juu ya yote hayo kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, lakini vita viliichelewesha, hivyo watu wakaanza kukivaa kwa wingi karibu na mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, na mwajiri asipotia saini ya kumruhusu kuondoka basi huyo ni mtoro na anaweza kufungwa. Niliwahi kukiona kimoja nyumbani kwa baba wa rafiki yangu wa chuo, huko Githunguri. Kilikuwa kikopo cha bati, kidogo kuliko kiganja, kimeota kutu kwenye kingo, na juu yake kuna kishikizo cha kupitishia kamba ya shingoni. Karatasi iliyokuwamo ilikwisha kuoza zamani. Mzee alikitikisa karibu na sikio langu ingawa hakikuwa na kitu ndani, akaniambia kwamba baba yake na wenzake walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Nilikishika nikashangaa wepesi wake.

Machifu wa Kiambu walikuwa na chama chao, Kikuyu Association, kilichozungumza na serikali kwa adabu kuhusu ardhi, na Thuku aliwahi kukisaidia kama katibu kwa muda mfupi. Hapana shaka angefika mbali humo. Lakini chama cha machifu hakingeweza kupigana na mambo ambayo machifu wenyewe walikuwa wakiyatekeleza, na vijana wa mjini waliokatwa mishahara hawakuwa na mahali pa kusemea. Juni 1921 Thuku na wenzake walianzisha Young Kikuyu Association. Wiki chache baadaye waliliacha jina hilo, wakajiita East African Association, yaani Chama cha Afrika Mashariki.

Badiliko hilo la jina ndilo ninaloliona kuwa jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, na ndilo tunalolizungumza kwa uchache. Nairobi ya wakati ule ilikuwa na Wakikuyu na Wakamba, Waganda na Wajaluo, watu wa Nyasa, na Waislamu wa mtaa wa Pangani ambao walikuwa wa makabila yote na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Chama kilichotaka kusema kwa niaba ya kibarua wa Nairobi kisingeweza kuwa cha kabila moja, wala kisingeweza kuongea Kikuyu peke yake. Thuku aliandika na kutoa karatasi ya habari iliyoitwa Tangazo, kwa Kiswahili, na miongoni mwa viongozi waliokuwa pamoja naye alikuwapo Abdulla Tairara, Mkikuyu Mwislamu. Mimi niliyelelewa Pwani nilikuwa nikidhani kwamba siasa za bara zilianzia kwenye lugha za bara na Kiswahili kikaletwa baadaye kuunganisha. Mambo yalikuwa kinyume. Wakati siasa za mjini zinaanza Kiswahili kilikwishafika, na zile za kikabila ndizo zilizofuata, pale serikali ilipokivunja chama hiki na ilipoonekana kwamba chama cha kabila moja katika wilaya moja kingevumiliwa kuliko cha koloni zima.

Julai 10, 1921 chama kilifanya mkutano mkubwa Nairobi, na maazimio yake yakatumwa London kwa simu ya maandishi, bila kupitia kwa gavana. Humo yalilalamikiwa kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi ya lazima ya wanawake. Azimio moja lilisema kwamba baada ya wamisionari, marafiki wakubwa wa Waafrika ni Wahindi. Sentensi hiyo iliwakasirisha watu wa pande nyingi kwa mpigo. Walowezi walikuwa katikati ya vita vyao na Wahindi juu ya uchaguzi na juu ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, machifu waliona kijana asiye na cheo amesema kwa niaba yao, na wamisionari hawakufurahia kuwekwa sahani moja na wafanyabiashara wa mtaani. Kusema kweli Thuku alikuwa na sababu zake. M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle, alimpa ofisi ya kufanyia kazi na mitambo ya kuchapia, wakati hakukuwa na Mwafrika aliyemiliki mtambo hata mmoja. Waliosema kwamba Wahindi walimtumia hawakukosea kabisa, maana nao walikuwa na ugomvi wao na walowezi, lakini naye aliwatumia vilevile.

Serikali ilimwambia achague kati ya siasa na mtambo wa simu. Aliacha kazi.

Miezi iliyofuata alizunguka. Kiambu na Murang'a watu walimjia kwa maelfu, na wanawake ndio waliomshangilia zaidi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa ameuzungumzia hadharani unyonge wa wasichana waliokusanywa kwenda mashambani. Walimwimba wakimwita mkuu wa wasichana. Huko Nyanza, Desemba 1921, walimu na wasomi wa Maseno walianzisha chama chao wakilalamikia kipande na kodi zilezile. Lugha ya Thuku nayo ilikuwa ikipanda moto kila mkutano. Alianza kuwataja machifu kwa majina, akawashambulia wamisionari aliowasifu mwezi Julai, akazungumza juu ya kuvikusanya vipande vyote na kuvirudisha kwa gavana. Machifu walitoa ushahidi dhidi yake kwa maofisa, na mnamo Machi 14, 1922 akakamatwa na kufungiwa katika kituo cha polisi cha Nairobi. Hakushitakiwa mahakamani wakati huo wala baadaye. Ilitumika sheria iliyomruhusu gavana kumhamisha mtu aliyeonekana kuwa hatari kwa amani.

Asubuhi iliyofuata wapishi, matopasi na vibarua hawakwenda kazini. Mgomo huo wa Machi 15 na 16 huhesabiwa kuwa miongoni mwa migomo ya kwanza ya jumla katika historia ya Kenya. Kufikia Alhamisi, Machi 16, maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika mbele ya kituo, wakakaa chini na kusali. Ujumbe wa watu sita ulikwenda kuonana na Sir Charles Bowring, Katibu wa Koloni, ukarudi na jibu kwamba Thuku hataachiliwa lakini hatadhuriwa, na kwamba watu watawanyike. Wanaume walianza kunyanyuka. Hapo ndipo aliposimama Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga huko Murang'a, akalivuta gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume walichukue gauni hilo wampe suruali zao, kwa kuwa kiongozi wao yuko ndani nao ni waoga. Katika mila za Kikuyu, mwanamke mzima kuufunua mwili wake kwa hasira mbele ya wanaume ni laana nzito, na hakuna aliyeweza kuendelea kuondoka baada ya kuliona jambo lile. Wanawake walipiga vigelegele, umati ukasogea kwenye milango na bunduki za askari, na askari wakafyatua. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Inasimuliwa pia kwamba Wazungu waliokuwa wakinywa katika veranda ya Norfolk walifyatua risasi kuelekea migongoni mwa watu waliokuwa wakikimbia. Idadi rasmi ya waliokufa ilianzia 21, wakati wahudumu wa chumba cha maiti walihesabu 56, na wapo waliotaja zaidi ya mia moja. Nimesimama hapo mara kadhaa nikijaribu kukadiria umbali kati ya kituo na hoteli, na kinachoshtua ni jinsi ulivyo mfupi. Mtu mwenye bilauri mkononi angeweza kuzitambua nyuso.

Kijana mmoja aliyeitwa Johnstone Kamau, ambaye baadaye mwaka huohuo aliajiriwa na manispaa ya Nairobi kusoma mita za maji, hakujitokeza kuwa kiongozi katika mambo ya siku ile. Baadaye alijiita Jomo Kenyatta.

Thuku alipelekwa Kismayu, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya koloni la Kenya. Hapa nitachepuka kidogo. Kwa serikali ya Nairobi, Kismayu palikuwa mwisho wa dunia, jangwa la kumtupia mtu asahaulike. Kwetu Pwani ni mji wa jamaa: Wabajuni wana nyumba na makaburi kutoka Lamu hadi huko, na vyombo vilikuwa vikienda na kurudi kwa upepo wa msimu. Kwa hiyo mtu waliyetaka kumfungia mahali pasipo na watu walimpeleka mahali ambapo angeweza kuongea na jirani yeyote kwa Kiswahili. Mwaka 1925 Jubaland ilikabidhiwa kwa Waitaliano, mipaka ikahama, naye akahamishwa, na miaka yake ya mwisho ya kizuizini aliipitisha Marsabit, mahali pakavu na pa upweke kweli. Aliachiliwa kuelekea mwanzoni mwa mwaka 1931. Karibu miaka tisa ilikuwa imepita tangu alipokamatwa, na huko alikokuwa alikuwa amejifunza kulima bustani.

Wakati yeye hayupo mengi yalikuwa yametokea. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12 mwaka uleule aliokamatwa. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa tamko kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulizwe, ingawa lilitolewa zaidi kwa ajili ya kuwanyima Wahindi kuliko kuwapa Waafrika. East African Association ilikuwa imekufa, na mahali pake mwaka 1924 ikazaliwa Kikuyu Central Association, chama cha Murang'a na Kiambu kilichoongozwa na akina Joseph Kang'ethe na Jesse Kariuki, na ambacho mwaka 1928 kilimwajiri yule msomaji mita kuwa katibu wake. Kila mwaka kilidai Thuku arudishwe. Aliporudi, mwaka 1932 wakampa urais, na hapo ndipo ilipobainika kwamba walichokuwa wakikidai miaka yote ile ni jina lake. Mwenye jina alikuwa na miaka 37 sasa, amechoka kuwa kizuizini bila hatia iliyothibitishwa, na hakuwa tayari kufanya lolote lisiloruhusiwa na sheria. Waligombana juu ya fedha na uongozi, wakafikishana mahakamani, wakaachana. Mwaka 1935 Thuku akaunda Kikuyu Provincial Association, ambayo wanachama wake waliahidi utiifu kwa Mfalme na kutotenda chochote kinyume cha katiba.

Wengi humtolea hukumu hapa, na nadhani wanaharakisha. Ukirudi kwenye maazimio ya Julai 1921 utaona kwamba nayo yalitumwa kwa serikali ya Mfalme, yakiomba haki kutoka kwa wakubwa wa London dhidi ya wadogo wao wa Nairobi. Utiifu ulikuwa tayari umo ndani ya simu ile ya maandishi. Kilichobadilika ni kwamba wakati ule utiifu wa namna hiyo ulionekana kuwa uasi, na kufikia mwaka 1935 watu walikuwa wamekwenda mbele zaidi yake. Mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kikaanzishwa chama cha kumsaidia, Kenya African Union, ambacho serikali ilikitaka kijiite cha uchunguzi tu, na rais wake wa kwanza alikuwa Thuku. Hakukaa nacho sana. James Gichuru alimfuata mwaka 1945, na mwaka 1947 kiti kikachukuliwa na Kenyatta. Mara mbili basi, mwaka 1921 na mwaka 1944, Thuku alikuwa mlangoni wakati chama cha watu wa makabila yote kinaanza, na mara zote mbili wengine ndio walioingia ndani.

Lililo gumu zaidi ni la mwaka 1952. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Oktoba, Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na mwezi Desemba, kesi yao huko Kapenguria ikiwa imekwisha kuanza, sauti ya Thuku ilisikika redioni akiwaambia Wakikuyu kwamba wamepata aibu mbele ya watu wa mataifa mengine kwa sababu ya vitendo vya Mau Mau, na kwamba wajitenge navyo. Alikuwa mtu aliyezuiliwa karibu miaka tisa bila kesi, akisema hayo wakati wengine walikuwa wakianza kuzuiliwa kwa maelfu, nao bila kesi. Sitamtetea katika hili. Naweza kuelewa kwamba damu ilimtisha, kwamba alikuwa mtu pekee nchini ambaye jina lake lilikwisha kuletea watu vifo mbele ya kituo cha polisi, na kwamba alimwogopa Mungu kwa namna iliyomfanya achukie viapo vya usiku. Lakini aliijua kuliko wote serikali aliyokuwa akiisemea. Alikuwa ameilalia chini kwenye sakafu ya kituo chake.

Katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa mkulima wa kahawa huko Kambui, na mkulima mzuri. Ikumbukwe kwamba kwa muda mrefu Mkikuyu hakuruhusiwa kupanda kahawa kwake, ingawa aliruhusiwa kuichuma kwa Mzungu, na kulipata shina la kahawa katika ardhi yako lilikuwa jambo la siasa kama lilivyokuwa la kilimo. Mwaka 1959 aliingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union, Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1970, na mwaka huohuo, Juni 14, akafariki, miaka saba baada ya uhuru, chini ya serikali ya yule kijana wa mita za maji.

Siku ile ya Githunguri, baada ya kuonyeshwa kikopo, nilimwuliza mzee kama aliwahi kumjua Harry Thuku. Mzee alinitazama kwa muda. "Yupi," akauliza, "wa polisi au wa kahawa?" Nikamwambia kwamba nilidhani ni mmoja. Akacheka, akakirudisha kikopo ndani ya sanduku lake la bati chini ya kitanda, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kuwaangalia watu wake waliokuwa wakichuma kahawa bondeni, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya na lori la kiwanda lilikuwa likitarajiwa saa kumi.